Uzi Haudungwi

4 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Na ya bibi mpelekee, useme kwa sauti, asije akadhani nimemsahau. Mimi mzima, na wembamba wangu ni ule ule. Wenzangu hapa wamenibatiza Kijiti bila mimi kuwaambia kitu, kwa hiyo jina ulilonipa utotoni limenifuata mpaka kiwandani. Ukienda kumwona baba gerezani mwambie nafanya kazi halali na sigombani na mtu.

Magodoro tunayoshona ni mengi kuliko watu wa kuyalalia. Mimi niko mwisho wa mstari. Godoro likitoka kwenye cherehani nakata nyuzi zinazoning'inia, nalifunga kamba, nalisukuma ghalani. Nikifumba macho bado naona nyuzi.

Simu zetu zinakaa getini, ndiyo maana nakuandikia barua kama watu wa zamani. Karani wa ofisi ni mtu mwema sana. Tunampa barua kabla hatujazifunga, anazisoma zote, asije mtu akakosea herufi.

Sasa shida yangu, nayo ni ya mezani kwako unapouzia visu. Visu virefu vya kukatia sponji hukusanywa na kufungiwa kazi ikiisha, lakini kila mtu anaruhusiwa kisu chake kidogo mfukoni, kisizidi kiganja. Duka la kiwanda linauza vijisu vya plastiki ambavyo hata uji vitaushindwa. Kutoka kwenda madukani ni hadithi ndefu. Nichagulie wewe kisu cha bei ya chini lakini cha kweli, cha kukaa nacho muda wote. Nataka kisichokunjika, kigumu, chenye ncha. Kitume kwa posta, anwani ya kiwanda.

Mwanao,
Kijiti

20 Februari

Kijiti mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimemsomea bibi yako mara mbili. Mara ya kwanza hakusikia, mara ya pili akasikia, akasema ile ya kwanza ilikuwa nzuri zaidi. Goti linamsumbua ila mdomo hauna ugonjwa. Dada yako amejifungua salama, mtoto wa kike, katoka amekunja ngumi zote mbili. Huyo ndiye atakayerithi meza yangu.

Umefanya vizuri kuniuliza, maana nyinyi vijana mnanunua visu kwa macho. Mnaona bapa jeusi, meno ya msumeno mgongoni, mpini wenye mabonde ya vidole, basi mnatoa pesa. Weusi ule mara nyingi ni nguo tu, ndani yake kuna chuma kisichoshika makali hata siku mbili. Kisu rahisi kinaweza kuwa kizuri, lakini kitafute kisichojipamba.

Kisichokunjika, uliza habari ya mkia, yaani chuma kinachoingia ndani ya mpini. Mkia ukifika mwisho wa mpini, hicho nunua. Ukiishia katikati, siku ukikikaza kitakuachia mpini mkononi na bapa lenyewe hujui limeruka wapi. Halafu tazama ala yake. Kisu kipinduliwe na kitikiswe kikiwa ndani ya ala, kisidondoke.

Cha kukunja, kifunge uone kama bapa linaingia katikati bila kugusa pembeni. Kifungue, ulishike bapa ulitikise. Likicheza, mrudishie mwenyewe. Vile vizuri vina kichuma kidogo cha kushika bapa likishafunguka lisirudi. Visivyo na kichuma ni rahisi zaidi, na kwa kazi nyepesi havina neno, ila usividungie kitu. Vitakurudia vidoleni.

Lakini meza yangu ina sharti, unalijua. Simpi mtu kisu kabla hajaniambia ni cha kukata nini. Watu wananicheka, wananiita Bi Makali, wanasema hata mganga haulizi hivyo. Wacheke. Baba yako ndiye mtu pekee niliyempa kisu bila kumuuliza, kwa kuwa ni kaka yangu, na unajua alichokwenda kukifanya nacho, na yuko wapi leo.

Basi, cha kukata nini?

Mshukuru huyo karani kwa niaba yangu. Watu wema ni wachache siku hizi.

Shangazi yako

16 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa mjukuu. Mwambie dada asimfundishe mtoto kukunjua ngumi mapema, zitamfaa.

Karani nimemshukuru. Alikuwa ameshayasoma maneno yako mwenyewe, akacheka.

Jibu la swali lako ni uzi. Kazi yangu ni nyuzi na kamba, nilikueleza. Ila naomba kiwe kile kisichokunjika, chenye mkia mpaka mwisho wa mpini, na ncha iwe nzuri. Ncha ndiyo hasa.

Hapa tunaishi vizuri. Chumba chetu kimepakana na ghala la magodoro, kwa hiyo hatuhisi baridi. Kitanda changu kiko juu, chini ya dirisha. Si dirisha hasa, ni uwazi uliozibwa kwa turubai nene, upepo hautusumbui hata kidogo. Na usalama upo. Kazi ikiisha mlango unafungwa kwa nje, funguo anakaa nazo msimamizi, wezi hawatupati.

Kitanda cha chini yangu analala mpika gundi, mtu mmoja mkubwa, mabega yake hayaingii mlangoni bila kugeuka upande. Yeye ndiye anayechemsha gundi ya kubandikia sponji, nguo zake zinasimama zenyewe akizivua. Nilimsomea barua yako. Akasema mwanamke anayeongea hivi kuhusu mkia wa kisu hawezi kuwa na mume, maana mume angeshakimbia. Anakusalimu, na anauliza kama alikimbia.

Usichelewe, shangazi.

Kijiti

3 Aprili

Kijiti,

Marahaba. Mwambie mpika gundi kwamba mume hakukimbia, alikufa, na alikufa akiwa na vidole vyake vyote kumi. Pia mwambie sichumbiwi kwa barua. Mtu mwenye nia huja mwenyewe, tena akiwa ameoga.

Mtoto anaongezeka kilo. Bibi yako nilipomsomea habari za chumba chenu alinikatiza: "Mlango unafungwa kwa nje? Kwani wao ni kuku?" Nilicheka hadi nikakohoa. Uzee ni kitu cha ajabu, anasikia nusu halafu anajaza mwenyewe iliyobaki.

Sasa tuzungumze mimi na wewe. Mimi nimekaa kwenye meza ya visu tangu wewe hujaota meno. Anayekata uzi haulizi habari za ncha, anauliza habari za makali. Anayekata kamba haulizi habari za mkia, kwa sababu kamba haipigani na mtu. Wewe katika barua mbili umeitaja ncha kuliko ulivyomtaja bibi yako. Uzi hukatwa, Kijiti. Uzi haudungwi. Kinachodungwa mimi nakijua, na wewe unakijua, na mama wa yule kijana aliyedungwa na baba yako bado hupita mbele ya meza yangu akienda sokoni, na hanisalimii.

Nani kakuudhi huko? Ni msimamizi? Ni huyo mpika gundi na mzaha wake? Niambie jina lake au kazi yake, tulimalize kwa maneno. Nakupenda, na ninaogopa. Damu ya kaka yangu ni ya moto na wewe unayo.

Cha kukunja nitakupa. Kisichokunjika, hapana.

Shangazi

29 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako imenichoma. Hakuna aliyeniudhi. Sijawahi kumpiga mtu maishani mwangu, hata shuleni nilikuwa napigwa mimi. Kunipima kwa mkono wa baba si haki, na nakuambia hivyo kwa heshima yote.

Bibi anauliza maswali mazuri. Tafadhali msomee barua zangu zote, pole pole, na anachouliza ukisikilize. Nakuomba sana hilo kuliko hata kisu.

Wiki iliyopita ███████████████████████████ na sasa tuko salama.

Nataka kisichokunjika. Kifupi, cha bei yoyote ya chini, hata kiwe kibaya cha sura. Mtu anaweza kuhitaji kukisukuma kitu kwa nguvu na kisu kisimrudie. Siwezi kueleza zaidi, mwandiko wangu ni mbaya na karani anachoka macho.

Mpika gundi anasema ameoga.

Kijiti

15 Mei

Kijiti mwanangu,

Marahaba. Hasira zako nimezipokea, nimeziweka kando. Mstari mmoja umeupaka wino mweusi. Bila shaka ulitaka kunitukana, ukakumbuka mimi ni nani. Vizuri. Kujizuia huko ndiko ninakokutaka.

Bibi nimemsomea. Ameng'ang'ania maneno yake ya kuku, sasa anauliza kuku hao wana maji. Nimempa chai akalala.

Katika kifurushi hiki kuna kisu cha kukunja. Mpini wa mbao, bapa la chuma cha kawaida, lile linaloshika kutu ukilizembea, basi lipake mafuta kidogo kila wiki. Si ghali, lakini nimepitia zaidi ya nusu ya sanduku ndipo nikakipata hiki. Bapa linaingia katikati, halichezi. Ncha yake si ya kujivunia, ila wewe umeniambia ni cha uzi, nami nimeamua kukuamini. Makali nimeyatia mwenyewe, mawe matatu, na mwisho kwenye ngozi ya mkanda. Kinanyoa malaika ya mkono. Kisu kibutu hakijawahi kuondoka mezani kwangu na hakitaondoka leo.

Mwambie mpika gundi kuoga mara moja hakuhesabiki.

Shangazi yako anayekupenda

5 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Kifurushi kimefika, karani alikifungua, akakipima kisu na kiganja chake, akanipa. Ahsante.

Kinakunjika. Hakina kichuma.

Mpika gundi alikigeuza geuza akasema, "Aliyekinoa hiki anakupenda. Aliyekichagua hakuamini." Nikamwambia ni mtu mmoja. Akasema basi huyo anamtaka zaidi, mtu mwenye nafsi mbili hachoshi.

Nakaa nacho. Salamu kwa bibi.

Kijiti

1 Julai

Kijiti,

Hujambo? Hii ni ya pili tangu barua yako ya mwisho, ile ya kwanza sijui kama uliipata. Mtoto ameanza kucheka. Bibi kila asubuhi ananiuliza umesema nini, namwambia barua iko njiani. Kama umeninunia, nuna, lakini nuna kwa maandishi. Hata mstari mmoja. Hata aandike mpika gundi.

Shangazi

19 Julai

Shangazi,

Shikamoo. Mwandiko huu ni wa mkono wa kushoto, usiucheke. Niko hospitali. Barua hii hajaisoma mtu kabla yako. Nimeifunga mwenyewe kwa mate yangu, na muuguzi ameahidi kuitoa ndani ya viatu vyake, kwa sababu mlangoni pa wodi amekaa mtu wa kiwanda. Anasema ameletwa kuniuguza. Hajaniuliza hata siku moja kama naumwa.

Ule mstari alioufuta karani ulisema jiko la gundi lilishika moto, tukauzima kwa mchanga. Tulimwambia msimamizi jiko lisogezwe mbali na ghala. Akasema ataona. Tulimwomba mlango usifungwe. Akasema waliotutangulia walitoroka, na vitambulisho vyetu vitabaki kwenye sanduku la ofisi ili na sisi tusiwaige. Mlango huo ndio ulionifanya nikuandikie habari za kisu tangu Februari, kabla hata ya moto huo. Nilikuwa nalala chini ya turubai na kila siku nafikiria jinsi ya kulipasua.

Ilikuwa Jumapili mchana. Jumapili hatufanyi kazi, msimamizi alitufungia ndani, akaenda kwake kula. Gundi ilikuwa imeachwa jikoni ikichemka kwa ajili ya Jumatatu, ndiyo amri yake. Ikashika moto, moto ukaingia ghalani. Sponji haiwaki kama kuni. Inayeyuka na kutoa moshi mweusi mzito, ukivuta mara mbili kifua kinakataa. Tulipiga mlango. Tulipiga wote kwa pamoja, na kwa nje hapakuwa na mtu.

Nilipanda kitandani kwangu, nikafungua kisu chako, nikalidunga turubai kwa nguvu zangu zote. Halikutoboka. Bapa lilirudi likafunga juu ya vidole vyangu. Viwili mishipa imekatika, daktari anasema havitakunjika tena. Nikakifungua kwa mkono wa kushoto, nikadunga tena, maana mtu anayekabwa hafikiri. Mpika gundi ndiye aliyenishika kiuno akanipigia kelele masikioni: "Acha kudunga. Tafuta liliposhonwa. Kata uzi."

Lilikuwa limeshonwa kwenye fremu ya chuma kwa kamba ya nailoni, shono moja moja, na ili kulikata unaingiza kidole kwanza ulipapase. Nikapapasa. Nikakata. Makali yako, shangazi, kila yalipogusa yalikata, sikuhitaji kurudia hata shono moja. Lakini yalikuwa mengi, na mkono wa kushoto si mkono wangu.

Turubai lilipoachia upande mmoja tukaanza kutoka. Uwazi uko juu, wengi hawaufikii. Mpika gundi alisimama chini akawanyanyua mmoja baada ya mwingine kwa yale mabega yake. Alininyanyua mimi, akaninyanyulia na mwenzangu aliyezimia. Yeye hakuwa na wa kumnyanyua.

Kama ningepasua mara ya kwanza nilipodunga, angekuwapo. Nimelihesabu hilo kila upande na jibu ni lile lile.

Nimekitazama kisu hapa kwa mwanga wa dirisha. Ncha haikuvunjika. Imesagwa kwa jiwe ikawa ya mviringo. Na ndani ya mpini kuna tundu la ribiti, ule msumari mfupi wa kushikilia kichuma. Kwa hiyo kilikuwepo, kikatolewa. Nakuuliza mara hii tu, sitauliza tena. Ni wewe?

Nina hasira na wewe, na nataka kukuona. Vyote viwili.

Kijiti

2 Agosti

Kijiti mwanangu,

Ni mimi.

Nilikichagua kikiwa kizima, chenye ncha na kichuma chake. Nikakaa nacho mezani siku nzima. Kisha nikasaga ncha, nikang'oa ribiti, nikatia makali. Nilijisema, huyu akitaka kumdunga mtu kitamrudia, ataumia kidole badala ya kufungwa maisha. Nilijiona nina akili sana. Nilimfikiria kaka yangu, nikamfikiria yule mama asiyenisalimia, na wewe mwenyewe sikukufikiria hata kidogo.

Uliniambia kweli. Ulisema uzi, na ulikuwa uzi. Uliniambia mlango unafungwa kwa nje nikacheka. Ulinipigia magoti nimsikilize bibi, nikampa chai akalala. Nilimshukuru karani, Mungu anisamehe, nilimtumia na salamu. Mstari uliofutwa niliusoma kama tusi kwa sababu nilikuwa natafuta tusi.

Bibi nimemsomea barua yako yote. Sikuificha hata neno. Hakusema "nilikwambia." Angesema ningepumua. Aliuliza tu yule wa mabega amezikwa wapi na kama alikuwa na mama.

Huyo mtu, Kijiti. Nilimwambia sichumbiwi kwa barua, na kila posta ilipokuja nilianza na mstari wake kabla ya wako. Nakuambia wewe kwa kuwa sina mwingine wa kumwambia. Sikujua jina lake, nawe usiniandikie, utaniambia tukikaa.

Msamaha siuombi kwa barua. Mtu mwenye nia huja mwenyewe. Kesho naondoka na basi la kwanza. Dada yako atakaa na bibi. Nimebeba cheti chako cha kuzaliwa, nguo zako, na shemeji yako ananisindikiza, yule mpole mwenye sauti kubwa. Barua hii inatangulia kwa mkono wa utingo, ataipokea muuguzi, na huyo mtu wa mlangoni asijue mpaka anione nimesimama mbele yake. Nitamuuliza ni mgonjwa wake au ni wangu, na sitaondoka bila wewe.

Hivi sasa nafunga meza. Mchana alikuja msichana mmoja, mwembamba kama wewe, anafanya kazi za ndani kwenye nyumba zile kubwa. Alitaka kisu kidogo cha mfukoni, cha bei ya chini, kisichokunjika. Alikuwa anaangalia nyuma yake anapozungumza. Mdomo wangu ulifunguka kumwuliza ya siku zote, cha kukata nini, nikaufunga.

Nilimpa chenye mkia mpaka mwisho wa mpini, na ncha yake sikuigusa. Nikamshika mkono kabla hajaondoka, nikamwuliza mlango wa chumba chake unafungwa kwa ndani au kwa nje.

Shangazi yako